Kujenga nyumba yenu wenyewe kwenye pori la Lubumbashi: kuanzia kiwanja mpaka manjanja

Kama mko na mpango wa kutoka mjini na kujenga kwenye shamba lenu la pori, iwe barabara ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi ao kule upande wa Kafubu, plani ya nyumba muiweke pembeni kwanza. Watu wengi wanaanza na plani, wanachora saloni, vyumba vinne, garaje, halafu mwezi wa kumi na moja unawakuta kuta zimefika usawa wa madirisha na mvua inamwagika juu ya tofali za udongo. Huku kwetu Haut-Katanga anayepanga kazi si wewe wala fundi, ni msimu. Mvua inaanza kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, inaendelea mpaka mwezi wa nne hivi, kisha inakuja karibu miezi sita ambayo tone haliangukii mtu. Kila kazi iko na mwezi wake, ukiuruka unangojea mwaka mzima.

Humu naongea na familia: papa, mama, watoto wakubwa, labda shemeki mmoja mwenye mikono mizuri, na fundi wa kulipa kwa kazi chache tu. Nyumba ninayoifikiria ni ya kawaida, mita 8 kwa 9, vyumba vitatu, saloni na baraza. Na misimu miwili ya kiangazi, si mmoja. Kwa msimu mmoja inawezekana ukiwa na franga za kulipa watu wengi, lakini familia yenye kufanya kazi ya mjini juma zima na kuja shambani siku ya posho na ya Mungu (mwisho wa juma), mtachoka, mtagombana, na nyumba itabaki bila manjanja, yaani bila bati za paa.

Kiwanja: uende mara mbili mbele ya kulipa

Uende mara ya kwanza mwezi wa pili ao wa tatu, wakati udongo umekunywa mpaka umeshiba. Hapo njo utaona mayi yanapita wapi, barabara inapitika ao hapana, na yale mabonde ya majani marefu yasiyokuwa na miti, ambayo kiangazi yanaonekana kama uwanja mzuri wa kujenga, yamekuwa ziwa. Kama ni fasi wazi, tambarare, na miti imeikimbia, jiulize kwanini. Uende mara ya pili mwezi wa tisa, uulize majirani wanachota mayi wapi wakati ule, na kisima chao kina urefu gani. Mtu anayekuonyesha kiwanja mwezi wa sita tu amekuonyesha nusu ya kiwanja.

Kuna fasi nyingine zisizo na miti, hizi ni za juu, kilima chenye majani mafupi na vimaua katikati ya pori lote. Huko mara nyingi ni shaba iko ndani ya udongo, miti haiwezi kuvumilia. Usijenge hapo. Mboga hazitakubali, na siku moja makrezere, wachimbaji wa madini wa mikono, watakuja na mapiki yao na wewe utakuwa umekaa juu ya kitu wanachotafuta.

Hii inatuleta kwenye karatasi, na hapa usifanye haraka. Shefu wa kijiji anakupa fasi, mnakaa, mnakunywa, mnaandika karatasi mbele ya wazee, vizuri, hiyo ni heshima na ni lazima, bila yeye hautakaa na amani. Lakini tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Serikali, wewe unapata haki ya kuutumia, na Mkongomani anaweza kupata ile haki ya kudumu inayopita kwa watoto wake. Kwa hiyo karatasi ya shefu ni mwanzo tu. Nayo muandikiwe na majirani wa pande zote nne wakisaini, kisha muende kwa kadastre na titres fonciers (ofisi za kupima na kuandikisha udongo) ya teritware yenu (fasi nyingi karibu na Lubumbashi ni teritware ya Kipushi, mbele kidogo unaingia Kasenga ao Kambove, uliza vizuri usije ukalipa kwenye biro isiyo yako). Wanakuja kupima, wanasimika borne (alama za mpaka), munapata kontra ya lokasyo (mkataba wa kukodi), na mkisha kufanya kazi kwenye kiwanja munaomba sertifika ya kuandikisha udongo. Miaka miwili ikipita juu ya sertifika iliyotoka kwa njia ya haki, mtu kuja kuivunja inakuwa ngumu sana. Borne zipigeni picha na simu, na pandeni mti wa matunda karibu na kila moja, borne inaweza kung'olewa usiku lakini muembe wa miaka mitatu unaacha shimo.

Kitu cha mwisho cha karatasi, ambacho watu wa huku wanakisahau wakati njo cha kwanza: haki ya juu ya udongo na haki ya chini yake ni vitu viwili. Kampuni inaweza kuwa na ruhusa ya mine juu ya kiwanja chako hata kabla wewe hujakifikiria. Kadastre ya mine, ile wanaita CAMI, iko na karte ya kare zote za ruhusa. Chukua pointi za GPS za pembe zako nne, simu yoyote inazitoa, na uende kuangalia. Ukikuta kare ya mtu iko juu yako, kuna sheria ya kulipa fidia, lakini ni nani anataka kujenga nyumba ya kulipwa fidia? Tafuta kiwanja kingine.

Miti: kata kidogo kuliko unavyofikiri

Mkisha kupata kiwanja, hamu ya kwanza ni kukata yote ili paonekane. Hapana. Tembeeni ndani na mzee anayejua pori na mfunge kamba za rangi kwenye miti ya kubaki. Mubanga ni mti mgumu sana, mchwa wanaushindwa, ukilazimika kuukata utunze kwa nguzo za baraza na fremu za milango, kuuweka ndani ya moto wa tofali ni dhambi. Mulombwa ni mbao nzuri za milango na meza. Mukula muuache kabisa, miti hiyo imemalizwa huku kwa biashara ya kwenda China. Masuku na mupundu wanaleta matunda, watoto watawashukuru. Mutondo na muputu ndiyo mingi, na juu yao wanakaa finkubala, wale viwavi wa kula, kwa hiyo mkikata yote mmekata na kitoweo.

Mti mrefu usiwe karibu na nyumba kuliko urefu wake. Hiyo njo kipimo, mti wa mita 12 uwe mita 12 na zaidi, kwa sababu zile pepo za mvua ya kwanza, mwezi wa kumi, hazina huruma. Inayobaki iache kwa kivuli, sanasana upande wa magharibi. Na visiki musing'oe vyote, miti ya pori letu inachipuka tena kutoka kisiki, kata chini kwa kuinamisha ili mayi yasikae juu, chagua chipukizi mbili zenye nguvu, miaka michache una kuni na nguzo ndogo bila kugusa mti mwingine. Kukata kwa matumizi yenu ya nyumbani ni jambo moja, kukata kwa kuuza makala ao mbao ni jambo lingine na inataka ruhusa ya servisi ya mazingira, usije ukajidanganya na gunia kumi pembeni ya barabara. Anayekata asiwe peke yake siku ile, na watoto wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti.

Moto wa pori. Mwezi wa nane na wa tisa kila mtu anachoma, wawindaji, walimaji, watoto wa kutafuta panya. Zunguka makao yenu na njia tupu ya mita 10, lima mpaka udongo uonekane, na mwezi wa tano majani yakiwa bado na unyevu kidogo chomeni wenyewe pembeni pembeni, jioni, upepo ukiwa umelala, mkiwa na matawi mabichi mkononi. Moto wa mwezi wa tano unatembea, wa mwezi wa tisa unaruka.

Mayi na choo vinakuja mbele ya nyumba

Kujenga kunakunywa mayi vibaya sana, tofali, simenti, watu. Kwa hiyo kisima kwanza. Chimba mwezi wa tisa ao wa kumi, mayi yakiwa chini kabisa, mkiyapata wakati ule mtakuwa nayo mwaka mzima. Kisima cha mwezi wa tatu kinafurahisha watu kisha mwezi wa nane kinawaachia matope. Kuchimba mulipe watu wa kazi hiyo, si kazi ya shemeki, na kila asubuhi kabla mtu hajaingia mshushe mshumaa ao taa ya moto kwa kamba, ikizimika hewa mbaya iko ndani, na hata ikiwaka mtu afungwe kamba na wawili wakae juu. Mdomo wa kisima muujengee ukuta na kifuniko. Kama mko karibu na kiwanda ao mine, peleka mayi laboratware wayapime shaba na kobalti mbele ya kuyanywa, hayana rangi hayana harufu na bado yanaweza kuwa mabaya.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima na kiwe upande wa chini wa mteremko, na chini ya shimo lake kubakie mita mbili hivi za udongo mkavu mbele ya kukuta mayi. Fasi ambayo mayi ni ya karibu, choo kisiende chini, kiende juu: shimo fupi na kibanda kilichoinuliwa kwa tofali.

Na mvua muihesabie. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa litri moja. Lubumbashi inapata karibu milimita 1200 kwa mwaka, paa ya mita 90 za mraba ni litri 108,000, toa ile inayopotea bado unabaki na 80,000 na kitu. Familia ya watu saba wakitumia litri 20 kila mtu kwa siku, kiangazi cha siku 180 kinaomba litri 25,200. Maana yake paa inaweza kuwanywesha, kinachokosekana ni tanki. Tanki la litri 5,000 linatosha mwezi na kitu, si zaidi, kwa hiyo kisima kinabaki cha lazima mpaka siku mtajenga siterne kubwa.

Tofali: hapa njo kuna kazi yenyewe

Nyumba ya huku inatoka ndani ya kichuguu. Vile vichuguu vyetu vikubwa vya Katanga, vingine vinapita mita 5 za urefu, na kwenye hekta moja unaweza kukuta vitatu mpaka vitano. Mchwa wamepandisha udongo mzito wa chini miaka na miaka, na udongo ule ukichomwa unakuwa tofali nyekundu inayolia kama kengele ukigonga. Ila usijenge nyumba juu ya kichuguu wala juu ya kichuguu kilichosawazishwa, hata kama panaonekana pamenyooka. Udongo ule unavimba ukinywa mvua na unarudi nyuma ukikauka, na ukuta unafuata, kila mwaka ufa mpya kwenye pembe ileile.

Hesabu kwanza. Tukichukua tofali ya sentimita 24 kwa 12 kwa 8, na mortie (matope ao simenti ya kushikanisha) ya sentimita moja na nusu kati yake, mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali moja moja iliyolazwa kwa urefu inakula tofali 41. Ukuta mnene, wa mbili, 82. Nyumba yetu ya 8 kwa 9 iko na mzunguko wa mita 34, ukuta wa mita 2.80, toa milango na madirisha, unabaki na mita 83 za mraba hivi za nje. Ndani tuseme 50. Ukuta wa nje mnene, wa ndani mwembamba, ni karibu 8,900. Ongeza zile za chini ya ukuta kwenye fondasyo (msingi) na za kuvunjika, pangeni 13,000. Watu wanaolia kwamba tofali zimeisha mbele ya linto (boriti ya juu ya milango na madirisha), wengi hawakuhesabu, waliangalia tu lundo na wakaona ni kubwa.

Tofali 13,000 ni mita kibu 30 za udongo, kichuguu kimoja kikubwa kinatosha na kinabaki. Anza mwezi wa nne mwishoni, udongo ungali na unyevu na jembe linaingia, mwezi wa saba ule udongo ni jiwe. Chimbeni kutoka pembeni kwenda ndani, musitoboe shimo chini na kuacha paa ya udongo juu, inaanguka. Na muangalie vile vidonge vyeupe, vinaonekana zaidi katikati ya kichuguu. Ile ni chokaa. Ikibaki ndani ya tofali, moto unaigeuza, kisha ikinywa unyevu inavimba na kupasua tofali kutoka ndani, unaona tofali nzuri inatoka kitundu cheupe. Kwa hiyo chujeni ao muokote vidonge, na tumieni udongo wa pembeni kuliko wa kiini. Hata hivyo tofali zikisha kutoka motoni zimwagieni mayi mengi mara moja, zenye ubaya zitapasuka pale pale badala ya kupasuka ndani ya ukuta.

Jaribu tofali kumi kwanza. Zikipasuka zikikauka, udongo ni mkali, ongeza mchanga. Zikibomoka pembe, mchanga umezidi. Udongo ulowekwe usiku mzima na ukanyagwe, hii ni kazi ya vijana na muziki, hata kibao kizuri cha kuchapa tofali hakiwezi kufidia udongo uliokanyagwa vibaya. Chovya kibao ndani ya mayi na mchanga kila mara, piga, toa, panga juu ya udongo uliosawazishwa, funika na majani kwa siku za kwanza maana jua la ghafla linapasua. Baada ya siku tatu nne zigeuze kwa ubavu, kisha zipange kwa nafasi ili upepo upite, juma mbili ao tatu. Watu watatu wenye kuelewana, 300 mpaka 400 kwa siku si ajabu. Mama na watoto si wa kubeba mayi tu, mara nyingi mkono wa mama kwenye kibao unatoa tofali safi kuliko wa fundi.

Kuchoma ni mwezi wa saba ao wa nane. Lundo linapangwa na midomo ya kuni chini, inayoangalia upepo, tofali ziachane kidogo ili moto upande, na nje yote mupake matope. Moto wa kwanza uwe mdogo, siku nzima na usiku, mpaka ule moshi mweupe wa mvuke uishe. Ukianza na moto mkubwa tofali zinapasuka zote kama mahindi. Kisha moto wa nguvu siku mbili hivi, zamu kwa zamu, hakuna kulala, na mkisha kuona juu kumekuwa nyekundu usiku, zibeni midomo na matope na muache juma zima. Mtu asiye na subira akifungua siku ya tatu anapata tofali zenye nyufa. Kuni ni zile za miti mliyoondoa fasi ya nyumba na njia ya moto, zikipungua nunueni, kuliko kurudi kukata ile miti mliyoifunga kamba.

Zile za pembeni ambazo hazikuiva vizuri, za rangi ya hudhurungi, zinakwenda kuta za ndani. Wala zisiguse fondasyo.

Msimu wa pili: fondasyo mpaka manjanja

Tofali zilizoiva hazina shida na mvua, zikae. Wakati wa mvua mnapanda mahindi kwenye uwanja mliosafisha, mnatengeneza barabara, mnatafuta simenti, mchanga wa mtoni, mawe. Mbao za paa zikatwe ao zinunuliwe mapema na zikauke kwenye kivuli miezi kadhaa, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati. Mbao mbichi zinapinda na paa inapinda nazo.

Hapa njo fundi anaingia. Ninaposema muwalipe watu ni kwa kazi hizi: kupima na kusimamisha pembe za fondasyo, kuweka shenaji (mkanda wa betoni unaozunguka kuta), sharpanti ya paa (mbao zinazobeba bati), na umeme. Mengine yote familia inaweza ikiwa fundi anakuja siku moja kwa juma kuangalia.

Nyumba iangalie wapi? Sisi tuko chini ya ikweta karibu digrii 12, kiangazi jua linapita upande wa kaskazini. Weka kuta ndefu kaskazini na kusini, fupi mashariki na magharibi, ili lile jua la saa tisa la mwezi wa kumi lisiingie chumbani. Vyumba vya kulala muviweke mashariki, jiko nje ao upande ambao upepo hauleti moshi ndani. Mwezi wa sita na wa saba usiku unakuwa baridi ya kweli huku, usidanganyike na joto la mwezi wa kumi ukajenga nyumba yenye matundu tu.

Pembe mtaziangalia kwa kamba: upande mmoja mita 3, mwingine 4, na mstari wa kukatisha uwe mita 5 kamili, si 5 na kitu. Nivo kwa tiyo ya plastike yenye mayi, watoto wanaipenda hii kazi. Shimo la fondasyo liende mpaka udongo mwekundu mgumu, sentimita 60 ni mwanzo, na udongo mweusi wa juu wote utoke hata chini ya sakafu, uwekeni bustanini. Mawe na simenti chini, kisha tofali zilizoiva sana mpaka sentimita 40 ao 50 juu ya udongo. Na juu ya hapo, mbele ya kuanza ukuta, tandika mortie ya simenti moja na mchanga tatu, sentimita 2 ao 3, na rufingi (karatasi ya lami) ao plastike nene juu yake, kuta zote, bila kuruka hata ya ndani. Hiyo inazuia unyevu kupanda. Mchwa haiwazuii kabisa lakini inawalazimisha kutoka nje kupanda, na hapo utaona vile vitunelu vyao vya udongo ukutani na utavivunja. Ndiyo maana ule mguu wa nyumba usiufunike na kuni, majani wala maua ya mama.

Mortie ya ukuta. Watu wengi huku wanajenga na matope na wanaziba simenti nje tu. Inasimama, ikiwa ukuta ni mnene na paa inatoka nje sentimita 80 kulinda. Ukuta mwembamba wa nje na matope, hapana. Kama simenti ni chache, itumieni kwenye fondasyo, pembe, kando ya milango na juu, mengine matope mazuri ya kichuguu na mchanga. Tofali ziloweke mbele ya kujenga, kavu inakunywa mayi ya mortie yote. Usipite mita 1.20 kwa siku moja. Na kama mnafikiria kuongeza chumba miaka ijayo, acheni meno kwenye pembe ile, tofali moja nje moja ndani, mtakuja kushikanisha bila kuvunja.

Juu ya milango na madirisha, shenaji inayozunguka nyumba yote na kuwa linto kwa wakati mmoja: fere (vyuma) nne za milimita 10, etrie (vyuma vya kuzifunga kwa kuzunguka) za milimita 6 kila sentimita 20, betoni ya simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Imwagieni mayi siku saba, asubuhi na jioni, na funika na magunia, jua la mwezi wa tisa linaiua. Katika shenaji ile zika fere za kufunga paa, kila mita moja na nusu, kwa sababu pepo za hapa hazisukumi paa, zinainyanyua.

Manjanja: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. BG 28 ni nzuri kuliko 32, na tofauti ya bei itakuwa imesahaulika siku ya mvua ya mawe ya kwanza. Msumari unapigwa juu ya wimbi, si ndani ya bonde, pamoja na kipira chake. Bati na bati zipandane sentimita 20 kwa urefu na wimbi moja na nusu kwa ubavu, na mwanzo uwe upande ambao upepo hautoki. Paa iwe imefungwa kabla ya tarehe 15 mwezi wa kumi. Ukifika tarehe hiyo na bado, acha plasta, acha sakafu, acha milango, weka watu wote juu ya paa.

Umeme, mapazia ya mbu na nyoka

Laini ya SNEL, kampuni ya umeme ya Serikali, ikiwa mbali, pano za jua. Wati 300 kwa saa tano za jua nzuri, ukitoa zinazopotea, zinatoa kama kilowati-saa moja kwa siku: taa, simu, redio, televisheni ndogo, si fer ya kupiga pasi. Pano iangalie kaskazini, ilazwe digrii 15 hivi, na wakati wa vumbi ifutwe kila juma. Chandarua kwa kila kitanda na mustikere (wavu wa mbu) kwenye madirisha tangu usiku wa kwanza, pori lenye mayi ni pori lenye malaria. Nyoka wanafuata panya, panya wanafuata mahindi, ghala liwe mita kadhaa kutoka nyumba na juu ya miguu. Kuni zisilale kwenye ukuta. Mafuta ya vidange (mafuta machafu ya injini) watu wanapaka nguzo za nje kuzuia mchwa, sawa, lakini si ndani ya nyumba na si karibu na kisima.

Plasta ya ndani muiache mpaka mvua za kwanza ziishe kupita. Siku ya mvua kubwa ya kwanza, mmoja aingie ndani na taa aangalie kila msumari kutoka chini, mwingine azunguke nje na jembe kuona mayi yanakimbilia wapi na kuchimba mfereji pale pale, udongo ungali laini. Juma moja baadaye zungukeni mguu wa nyumba, tunelu ya kwanza ya mchwa itakuwa imeshaanza kupanda mahali fulani.